Kwa nini maji ya Ziwa Tanganyika huacha madoa hata kwenye gari lililopakwa kinga?

Msafiri anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya taifa nambari 3, RN3, huwa na milima upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili. Akifika Gitaza, milima na ziwa vimekaribiana kiasi kwamba barabara imebaki ukanda mwembamba katikati. Maji yapo hatua chache tu. Ndoo moja, sabuni na kijana mwenye nguvu vinatosha kuliondolea gari vumbi la safari.

Tatizo huonekana baadaye. Gari hutoka kuoshwa liking'aa, likaegeshwa juani, na baada ya muda mfupi boneti na paa hujaa viduara vyeupe vyenye ukubwa wa punje ya harage. Ukivifuta kwa kitambaa kikavu, vingine havitoki. Mshangao huwa mkubwa zaidi kwa mwenye gari aliyelipia nta au tabaka la kinga, kwa kuwa aliambiwa kwamba maji hayatashika tena kwenye rangi yake. Hapo lawama huanza: mwenye gari humlaumu muoshaji, muoshaji humlaumu fundi wa rangi, na fundi husema gari halikutunzwa.

Mara nyingi hakuna kati yao aliyefanya hila. Kilichoacha madoa ni kile kilichokuwa kimeyeyuka ndani ya maji, na kinga iliyopakwa juu ya rangi haina uwezo wa kukiondoa. Kinga husaidia maji kuteleza, lakini haiwezi kuyafuta. Anayeelewa tofauti hiyo ataepuka madoa kwa gharama ndogo, hata kama ana ndoo mbili tu na kitambaa.

Maji haya yamebeba nini?

Ziwa Tanganyika ni la pili duniani kwa kina, likiwa na kina cha takriban mita 1,470. Mto mmoja tu, Lukuga, ndio unaoyatoa maji yake upande wa Kongo, karibu na mji wa Kalemie. Hata hivyo, sehemu kubwa zaidi ya maji yanayoliacha ziwa hili hupanda angani kama mvuke. Mvuke hauondoki na chumvi. Chumvi hubaki, na kwa maelfu ya miaka imekuwa ikiongezeka kidogo kidogo.

Nyingi ya chumvi hizo huletwa na mto Rusizi. Mto huo hutoka Ziwa Kivu, ziwa lililozungukwa na miamba ya volkano yenye madini mengi. Zamani sana maji ya Kivu yalielekea kaskazini, hadi milima ya volkano ya Virunga ilipoiziba njia hiyo, na maji yakatafuta njia ya kusini kupitia Rusizi. Tangu wakati huo Tanganyika imekuwa ikipokea madini kutoka Kivu.

Ndiyo maana maji ya Tanganyika, ingawa ni matamu kwa kuyalinganisha na ya bahari, si mepesi. Kila lita moja ina takriban miligramu 40 za magnesi na miligramu 10 hivi za kalsi, pamoja na sodiamu, potasiamu na kiasi kikubwa cha bikaboneti. Kipimo chake cha pH hukaribia 9, yaani maji yenyewe yana hali ya magadi. Lita moja ikikaushwa kabisa huacha mabaki ya chumvi yaliyo chini kidogo ya nusu gramu.

Kiasi hicho huonekana kidogo. Lakini tuchukue gari dogo lililooshwa na kuachwa na matone yanayofikia robo lita kwenye paa, boneti na milango. Jua likimaliza kazi yake, takriban miligramu 100 za chumvi hubaki juu ya rangi, nazo hazitandai sawasawa. Kila tone huacha fungu lake mahali pake.

Hali hiyo haiko Gitaza peke yake. Maji ya juu ya ziwa hayatofautiani sana kutoka pwani hadi pwani, hivyo muoshaji wa Uvira, Kigoma au Kalemie anayechota ziwani hukutana na jambo lile lile. Hata bomba la Bujumbura si kimbilio, kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya jiji hilo husukumwa kutoka ziwani. Kuyasafisha kwa ajili ya kunywa huondoa uchafu na vijidudu, lakini hakuondoi chumvi zilizoyeyuka.

Tone linapokauka

Watu wa ukanda huu wanaifahamu kanuni hii tangu zamani. Huko Uvinza, mkoani Kigoma, maji ya chemchemi yenye chumvi yalichemshwa kwa vizazi vingi hadi yakauke, na chumvi iliyobaki ikauzwa pande nyingi za ziwa. Jua linapokausha tone juu ya boneti hufanya kazi ile ile kwa kipimo kidogo.

Kwa nini basi doa huwa na umbo la pete? Jibu linapatikana hata kwenye meza iliyomwagikiwa kahawa. Ukingo wa tone hung'ang'ania mahali pake, na hapo ndipo maji hukauka kwa haraka zaidi. Maji ya katikati hutiririka kwenda ukingoni kujaza pengo, yakisukuma kila yalichobeba. Mwaka 1997, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza mwenendo huo katika jarida la Nature, wakianzia na doa la kahawa. Tone la maji ya ziwa hufuata njia hiyo hiyo: chumvi husukumwa pembeni na kuganda kama duara jeupe.

Kinga hufanya nini, na haifanyi nini?

Rangi ya gari la kisasa huwa na matabaka kadhaa. La juu kabisa ni vanishi angavu isiyo na rangi, ambayo kwenye magari mengi ina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu, yaani chini ya unene wa unywele wa kawaida wa binadamu. Vanishi hiyo ndiyo inayobeba mng'aro, na ndiyo hupata madhara ya jua, vumbi na chumvi.

Kinga hupakwa juu ya vanishi. Ya kwanza ni nta, ambayo hupakwa kwa mkono na hudumu wiki chache hadi miezi michache. Ya pili ni kinga ya polima, inayodumu zaidi kidogo. Ya tatu ni ile inayoitwa kinga ya kauri, kimiminika chenye silika kinachoganda na kuwa ngozi ngumu na nyembamba sana. Hiyo ndiyo ghali zaidi, na ikitunzwa inaweza kukaa mwaka mmoja au zaidi.

Zote tatu huifanya rangi iyakatae maji. Atakaye kuona mfano wake alitazame jani la gimbi baada ya mvua. Maji hayatandai juu yake, bali hujikusanya kuwa matone ya mviringo, na jani likitikiswa kidogo matone hubiringika na kuanguka. Gari lililopakwa kinga nalo huyakusanya maji kuwa matone yanayoteremka upesi kwenye milango na vioo.

Lakini paa na boneti havina mteremko wa kutosha. Huko matone hutulia. Na kwa kuwa kinga imeyakusanya badala ya kuyatandaza, chumvi ambayo ingesambaa kama utando hafifu hujumlishwa katika nukta chache. Doa la gari lenye kinga linaweza kuwa dogo kuliko la gari lisilo nayo, lakini likawa zito na jeupe zaidi. Hii ndiyo sababu mwenye gari hudhani ameuziwa kinga bandia, wakati kinga inafanya kazi yake kama kawaida.

Faida ya kinga ipo mahali pengine. Doa hukaa juu yake kabla ya kuifikia vanishi, na hivyo mwenye gari hupata nafasi ya kuliondoa mapema. Aidha, gari lenye kinga hukaushwa kwa haraka kwa sababu maji mengi huwa yameshateremka yenyewe. Faida zote mbili hupotea gari likiachwa likauke kwa jua.

Jua, vumbi na majira

Bati la gari lenye rangi nyeusi au ya buluu iliyokolea, likiwa juani mchana, linaweza kupita nyuzi joto 60. Tone la maji juu ya bati hilo hukauka kabla muoshaji hajamaliza mlango wa pili. Joto hilo pia huyafanya madini yashike kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo saa ya kuosha ina uzito kuliko aina ya kinga: asubuhi mapema, au jioni jua linapokuwa limeshuka upande wa milima ya Kongo.

Majira nayo yana sehemu yake. Kiangazi kirefu cha Burundi, kuanzia Juni hadi Septemba, hulifunika gari kwa vumbi na majivu ya mashamba yanayochomwa. Mvua ya kwanza inayofuata haina chumvi nyingi, lakini hulilowesha vumbi lile na kuliacha katika madoa ya rangi ya udongo. Umande wa alfajiri hufanya vivyo hivyo. Gari likinyeshewa kidogo baada ya siku nyingi za vumbi, ni heri lisuuzwe kuliko kuachwa kwa kudhani kwamba mvua imeliosha.

Sabuni pia inahusika

Rumonge ni nchi ya michikichi, na mafuta ya mawese yamekuwa yakitengenezewa sabuni kwa muda mrefu. Sabuni ya mche ni nzuri kwa nguo, lakini juu ya gari huleta mambo mawili. Kwanza, ikikutana na magnesi na kalsi za maji ya ziwa hutengeneza utando mzito usioyeyuka, kama ule unaobaki kwenye beseni la kufulia. Utando huo ukikauka juu ya rangi huchanganyika na chumvi na kufanya doa kuwa gumu zaidi. Pili, sabuni hiyo huwa na hali ya magadi, nayo huila nta.

Sabuni ya unga ina tatizo kama hilo la pili, kwa kuwa imetengenezwa kung'oa mafuta, na nta ni jamii ya mafuta. Inayofaa ni sabuni maalumu ya magari. Isipopatikana, sabuni ya maji isiyo kali, kiasi cha kijiko kimoja au viwili kwenye ndoo, ni afadhali kuliko mche.

Namna ya kuosha bila kuacha madoa

Kwanza, gari liwe kivulini na bati liwe limepoa. Weka upande wa nyuma wa kiganja juu ya boneti. Ukishindwa kuuacha hapo kwa utulivu, subiri.

Pili, mwaga maji mengi kuondoa vumbi na mchanga kabla ya kugusa rangi kwa kitambaa. Mchanga unaosuguliwa hukwaruza vanishi, na mikwaruzo hiyo hugeuka makao ya chumvi.

Tatu, tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Anza na paa, kisha vioo, boneti, milango, na umalizie sehemu za chini. Osha sehemu moja na kuisuuza kabla ya kwenda nyingine. Sehemu zilizokwisha kuoshwa ziendelee kuwa na maji hadi wakati wa kukausha, zisiachwe zikauke zenyewe.

Nne, na hapa ndipo penye siri kubwa, maji ya mwisho kuligusa gari yawe ya mvua. Maji ya mvua hayana karibu chumvi yoyote. Lita 5 hadi 10 zilizokingwa kwenye paa la nyumba zinatosha kulisuuza gari dogo, mradi yale ya dakika za kwanza za mvua, yaliyooshea vumbi la paa, yameachwa yapite. Yamwagwe taratibu kutoka juu, bila kurusha, ili yateremke kama shuka moja na kuyachukua matone ya maji ya ziwa. Matone yatakayobaki yatakuwa ya mvua, na yakikauka hayatakuwa na cha kuacha.

Pasipo na maji ya mvua, mito midogo inayoshuka kutoka milima ya Mumirwa kwa kawaida huwa na chumvi chache kuliko ziwa. Kasoro yake ni udongo. Wakazi wa Gitaza wanajua vema nini mvua inaweza kuteremsha kutoka milimani: mwishoni mwa Machi 2015 maporomoko ya udongo yaliua watu, yakabomoa nyumba na kuifunga RN3. Hata katika siku za kawaida, maji ya mto baada ya mvua yaachwe yatulie kwenye pipa hadi udongo uzame, kisha yachotwe ya juu.

Wako wanaotumia maji yaliyotoneshwa ya betri. Yanafaa, lakini ni ghali. Tena kuna hatari: katika gereji nyingine jina la maji ya betri hutumika pia kwa asidi ya betri, ambayo huunguza ngozi, macho na rangi. Chupa isiyo na maandishi isitumike kamwe.

Tano, kausha mara moja. Kitambaa kizito cha maikrofaiba, au ngozi laini ya kukaushia, kitandazwe juu ya bati na kuvutwa taratibu bila kukandamiza. Fulana kuukuu ya pamba, safi na isiyo na vifungo, ni mbadala unaokubalika. Fungua milango na kifuniko cha nyuma, ufute kingo, vioo vya pembeni na vitasa, kwani maji yaliyojificha humo huchuruzika baadaye na kuacha mistari.

Madoa yakishatokea

Madoa hupitia hatua tatu, na kila hatua ina dawa yake. Katika hatua ya kwanza chumvi imekaa juu tu. Kuosha upya na kukausha kunatosha, hasa likifanyika siku ile ile.

Katika hatua ya pili chumvi imeshika, na sabuni haiiondoi. Madini haya yana hali ya magadi, hivyo huyeyushwa na asidi hafifu. Siki ya jikoni iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa ipakwe kwa kitambaa juu ya doa, kivulini, kwenye bati lililopoa, kwa dakika moja au mbili tu. Isiachwe ikauke. Baada ya hapo pasuuzwe kwa maji mengi na kukaushwa. Maji ya ndimu yaliyochujwa na kuongezwa maji yanaweza kufanya kazi hiyo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Siki hupunguza nta, hivyo sehemu hiyo ipakwe nta upya. Asidi ya betri na dawa za kusafishia choo zisikaribie gari kabisa.

Katika hatua ya tatu doa limekula vanishi na kuacha shimo dogo. Ukipitisha kidole baada ya kusafisha, duara bado linaonekana ingawa hakuna kitu juu yake. Hapo ni kazi ya fundi kung'arisha kwa mashine, na kila mara anapofanya hivyo huondoa sehemu ya vanishi ambayo hairudi. Mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaofahamika kwa gereji zake na kwa Kiswahili chake, wanaweza kurudisha mng'aro, lakini hakuna fundi anayeweza kuongeza unene wa vanishi pasipo kupiga rangi upya.

Gari lililotoka kupigwa rangi lisifunikwe kwa nta kabla ya wiki kadhaa kupita, kwa kuwa rangi mpya inahitaji kupumua na kukauka. Na kinga ya kauri ikishapakwa, gari lilindwe lisipate maji kwa saa 24 za kwanza angalau, na lisioshwe kwa siku saba hivi.

Ziwa nalo lina haki yake

Njia iliyo mbaya kuliko zote ni kuliingiza gari ukingoni mwa ziwa na kuliosha humo humo. Rangi hupata chumvi nyingi zaidi, na ziwa hupata oili, dizeli na sabuni. Ziwa hilo hilo ndilo linalotoa maji ya kunywa ya Bujumbura, pamoja na mukeke na ndagala wanaolisha nyumba nyingi za mwambao. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kandokando ya ziwa ili kulilinda. Burundi, Tanzania, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilitia saini mjini Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 2003, mkataba wa pamoja wa kulitunza.

Kuosha mbali na ufuko, kwa ndoo, mahali ambapo maji machafu huzama ardhini, hutumia maji machache na humpa muoshaji nafasi ya kufanya kazi yake kivulini.

Hilo lina maana pia katika bei. Magari mengi ya barabara hii yalinunuliwa yakiwa yametumika, yakashushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa hadi huku, na kwa mwenye nalo gari ni mtaji ambao thamani yake huanza kupimwa kwa macho. Kwa kijana mwenye ndoo, kila gari ni mkate wa siku hiyo, na anayelipwa kwa idadi ya magari hana sababu ya kukawia na kitambaa. Mapatano ya bei yataje kukausha kwa jina lake, na malipo yaongezwe kidogo kwa dakika kumi hizo. Pipa la maji ya mvua likiwekwa mahali pa kuoshea, muoshaji atakuwa na huduma ambayo jirani yake hana, na mwenye gari hatakuwa na sababu ya kurudi na malalamiko.